Mgeni Aliyelala Ufuoni

Mwalimu Mkuu wetu hakuwa mtu wa magari. Akipanda gari, liwe la abiria au liwe lile jeupe la mkaguzi wa elimu, tumbo lilimchafuka kabla ya kona ya kwanza. Mara moja alilitapikia hilo la mkaguzi, kiti cha mbele, mkaguzi mwenyewe akiwa kwenye usukani. Alishuka, akajipangusa, akamwambia mkaguzi kwamba barabara ina mashimo mengi na serikali ielezwe. Kisha akamalizia safari kwa miguu, na mkutano wa Msambweni ukamsubiri mpaka alasiri.

Basi kila kitu katika maisha yake alikipima kwa miguu. Kanisa lake, duka lake, kisima chake na shule yake vilikuwa mahali ambapo angeweza kutoka na kurudi uji ukiwa bado una moto. Ukimsifia mji fulani, swali lake la kwanza lilikuwa kama mtu aweza kununua chumvi huko bila kupanda kitu. Ukisema hawezi, mji huo ulikwisha thamani yake hapo hapo, hata kama una taa na ghorofa. Mombasa alifika kwa sababu za kikazi tu, na hakuwa na neno jema juu yake.

Nilifundisha chini yake miaka sita, katika shule ya msingi iliyo juu ya barabara kuu, upande wa mashamba ya skimu walikopewa ardhi watu wa bara. Yeye alikuwa mmoja wao, Mkristo wa kufunga na kuomba, mjane asiye na mtoto, mwenye ng'ombe mmoja na mwavuli mweusi. Mimi ni mtu wa Funzi, kisiwa kilicho kusini ya Msambweni, na kwa ajili ya kazi nilipanga chumba Mwabungo. Watu wengine nikiwakumbuka nacheka au nalia. Yeye nikimkumbuka naona aibu, na hadi leo sijaweza kuigawa ile aibu nikajua ipi ni yake, ipi ni ya mama yangu, na ipi ni yangu mwenyewe niliyesimama katikati yao.

Alipokuja pwani, kwa jinsi walimu wa zamani walivyonisimulia, alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama rula, hakina kona ya kumpisha mtu. Mzee mmoja wa Mwabungo alikuja shuleni kwa jambo la mjukuu wake. Mwalimu Mkuu alimwambia akiwa amekaa, "Habari mzee, shida ni nini?" Yule mzee aligeuka nyuma kuangalia ni nani aliye mgonjwa. Walimu walimvuta kando wakamfundisha shikamoo, naye akaishika kwa juhudi zote. Kuanzia kesho yake alimwamkia kila mtu. Alimwamkia muuza makaa wa miaka ishirini, akawaamkia watoto wa darasa la kwanza, na mtoto mmoja mwenye kujua kuitumia bahati akaitika "Marahaba" kwa sauti nzito. Ofisi ya walimu ilicheka wiki nzima. Yeye alisema afadhali kuzidisha kuliko kupunguza, na akaendelea.

Na alikuwa msemaji. Alianza kengele ya kwanza ikilia na hakunyamaza mpaka ya mwisho. Alizungumza akisahihisha daftari, akihesabu chaki, akipita nje ya madarasa yetu, hivi kwamba watoto walijua yuko wapi bila kumwona. Kimya kilimtisha. Mwalimu akinyamaza kwenye mkutano alimuuliza kama ana malaria.

Alikuwa na misemo ya kujitungia. Uliorudiwa zaidi ni kwamba kupumzika ni kazi, na kazi ina ratiba. Kila likizo ya Agosti alijipa siku tatu za mapumziko, na siku hizo zilikuwa na vipindi kama za shule: saa fulani kukaa kivulini, saa fulani kutia miguu kwenye maji ya bahari, saa fulani kusoma Zaburi. Miaka mingi alikwenda Galu, kwenye nyumba ndogo ya kanisa, kwa sababu Galu ilifikika kwa miguu. Lakini tangu aliponisikia nikisema kwamba Funzi hakuna gari hata moja, roho yake ilihamia huko. Alikuwa akiniuliza katikati ya mambo mengine kabisa, tukijadili mitihani au vyoo, "Hata pikipiki hakuna?" Nami nikamwambia hakuna, Mwalimu, kuna punda na baiskeli tatu, na moja haina mnyororo.

Sasa niseme tabia yake iliyotuumiza. Hakujua kupokea. Kutoa alijua kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Maziwa ya ng'ombe wake yalikwenda kwa watoto wa darasa la kwanza waliokuja shule bila kutia kitu tumboni. Nilipolala na homa, alitembea kutoka skimu hadi chumbani kwangu na uji kwenye chupa ya chai, akakaa sakafuni, akaninywesha kwa kijiko huku akinihadithia makosa ya walimu wenzangu yote. Nilipopona nikampelekea korosho za kwetu, nilizozikaanga mimi mwenyewe. Akasema wapewe watoto. Nikampelekea samaki mkavu. Akasema wapewe watoto. Hao watoto walinenepa kwa heshima yangu.

Siku ya harusi ya binti wa jirani yangu pale Mwabungo alialikwa na akaja, amevaa vizuri, akaketi na wanawake. Pilau ilipoletwa alifungua mkoba wake akatoa mkate na yai la kuchemsha. Akamweleza mama wa bibi harusi kwa upole mkubwa kwamba wao wana watu wengi wa kulisha, hapendi kuwaongezea mzigo. Mama wa bibi harusi alitabasamu mpaka alipofika kwangu jikoni, ndipo akaniuliza, "Huyu mwalimu wenu, aogopa tumemtilia nini?" Sisi twasema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini kupokea nako ni moyo, na moyo huo wa pili yeye hakuwa nao, au alikuwa nao akaufungia mahali.

Hakuwa na dharau hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu wa bara waliotudharau na tulikuwa tukiwajua kwa majina. Yeye alituheshimu kiasi cha kutotaka tumpe kitu, na heshima ya namna hiyo kwetu inauma kama tusi.

Ukaja mwaka wa fujo. Sitaueleza wote, waliokuwapo wanaujua. Vilibandikwa vikaratasi kwenye milango ya watu wa bara vikiwataka waondoke, na kule skimu nyumba mbili ziliteketea. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti. Wengi walikimbilia kituo cha polisi na makanisani. Mwalimu Mkuu alikataa kuondoka, akisema hawezi kumwachia mtu ng'ombe wake. Asubuhi moja nilikwenda nikamkuta ng'ombe hayupo, mlango umepasuliwa, na yeye amekaa ndani ya zizi na mwavuli wake mkononi. Nilimvalisha buibui langu la akiba nikamfunika uso. Tulipita njia za vichochoro vya vijijini mpaka Bodo, penye mashua za kuvukia, na tukavuka pamoja na wanawake waliotoka sokoni.

Hivyo ndivyo alivyofika Funzi mara ya kwanza.

Mama yangu alikuwa mjane kama yeye, mwenye nyumba ya udongo na makuti, vyumba viwili na ua. Hakuuliza swali. Alimtazama, akanitazama, akaenda kuchota maji ya kuoga. Majirani walipokuja kuchungulia aliwaambia ni mke wa mjomba wetu wa Vanga, amekuja kuuguzwa, ana ugonjwa wa koo na hasemi kabisa. Hapakuwa na njia nyingine, maana angefungua mdomo tu kisiwa kizima kingejua ametoka wapi. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu wetu, mwanamke asiyeweza kuhesabu chaki bila kuhutubia, alikuwa bubu karibu wiki mbili. Mimi nilirudi Mwabungo kulinda chumba changu. Nilicheka peke yangu njiani nikimfikiria, Mungu anisamehe.

Nilipokwenda kumchukua, hali ilipotulia, alikuwa amekonda. Alimpa mama yangu mkono akasema asante huku akiangalia ukutani. Kwenye mashua hakusema neno, nikamtania kwamba sasa amezoea ububu. Hakucheka. Shuleni hakuzungumzia zile siku hata mara moja, na mtu akizigusa, aliinuka akaenda kukagua vyoo.

Mama naye, amani iliporudi, aliwaambia majirani ukweli. Walicheka mpaka wakashika mbavu juu ya yule bubu, kisha wakamsifu mama yangu, kwamba amemficha kiumbe wa Mungu na ulimi wake haukuteleza. Ukawa ndio utajiri wake. Watu wengine wana minazi. Mama yangu alikuwa na mwalimu. "Mwalimu wangu," ndivyo alivyomwita, na kila nikivuka kwenda nyumbani swali lake la kwanza lilikuwa hali ya Mwalimu wake na la pili ndilo hali yangu.

Agosti iliyofuata Mwalimu Mkuu alitangaza ofisini kwamba sasa atakwenda kisiwani kupumzika, siku tatu. Nikafurahi sana. Nilidhani ni njia yake ya kwenda kumwona mama.

Lakini kwanza ilibidi pachaguliwe pa kufikia, na jambo hilo alilifanya kuwa somo. Alichora ramani kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya walimu na sote tukahudhuria. Diani aliifuta mapema. Wageni wa ng'ambo walikuwa wamekimbia, hoteli zilikuwa zikimbembeleza hata mwalimu wa shule ya msingi, lakini alisema hoteli ni jela yenye bwawa la kuogelea. Ukitoka getini lazima upande gari, na usipotoka kuna mtu anayekufuata na kinywaji usichokiagiza. Msambweni nayo akaifuta. Ukilala Msambweni utavuka kila siku kwenda kisiwani, na atakayekupangia mapumziko ni maji kujaa na kutoka, si wewe. Ikabaki Funzi penyewe, na Funzi ilikuwa na pande mbili: kijijini, karibu na wanaposhukia watu, na kule ufuoni upande wa pili, ambako vijana walikuwa wamejenga vibanda vitatu vya makuti kwa ajili ya wazungu, na wazungu wenyewe wakaacha kuja.

Alinihoji kama mtahiniwa. Kisima cha vibandani kiko wapi? Maji yakitoka mtu hushuka kwenye mchanga au kwenye tope? Nani anapika? Kivuli cha saa nane kinaangukia wapi? Nilimjibu yote, nikijivunia kisiwa changu mbele ya wenzangu. Mwisho aliweka chaki chini akasema maneno ambayo walimu wengine wanayatumia hadi leo wakipanga safari: mtu asiye na gari asitafute mahali pazuri, atafute mahali ambapo pazuri panamfikia. Kitanda, maji, jiko na bahari, vyote viwe ndani ya uwanja mmoja. Akachora duara kwenye vibanda vya ufuoni.

Wengine walipotoka nikamuuliza, "Na mwenyeji wako je?"

Alifuta mikono. Akasema amemsumbua mama yangu vya kutosha, hataki kumsumbua tena, na nisimwambie chochote.

Nikatabasamu. Kwetu mtu akikaribishwa hukataa kwanza. Huo ni uungwana tu, anayekubali papo hapo ndiye tunayemtilia shaka. Mwenye nyumba naye huwa hasikii, hutandika kitanda. Tena mtu aliyekula chumvi ya nyumba, akifichwa humo roho yake ikiwa mkononi, hana chaguo la pa kulala akirudi kijiji kile. Hata kama nyumba inavuja atalala humo, na akitaka kwenda vibandani ataomba ruhusa kwa mwenyeji wake, naye atanyimwa. Jambo hili kwetu mtoto mdogo analijua. Sikufikiria kwamba kuna mtu mzima asiyelijua. Nikamtumia mama salamu kwamba Mwalimu wake anakuja.

Mama alipaka kuta chokaa. Alimwita fundi akakiwamba upya kitanda cha kamba, akaazima godoro na neti kwa mke wa imamu. Mimi nilitangulia kuvuka, nikamkuta amevaa leso mpya na nyumba inanuka udi kama ya maharusi. Majirani walikuwa wakipitapita wapate kuwa wa kwanza kumwona bubu akizungumza. Mashua ya kutoka Bodo ilipofika tulikuwa tumesimama pale pwani, mama mbele. Wakashuka watu, wakashuka kuku, kikashuka kigunia cha unga. Nahodha alipoulizwa akasema yule mwalimu wa bara aliomba azungushwe ashushwe kule ufuoni.

"Labda amepotea njia," mama alisema.

Kisiwa chetu hata ng'ombe hapotei. Lakini majirani walikuwa wanasikiliza, na mmoja wao, Mungu amlipe, akasema eti ndiyo, labda amepotea.

Mama alirudi akapika. Wali wa nazi, samaki tasi wa kukaanga, mchicha wa tui. Alipanga kwenye sinia, akafunika na kawa, akaniambia nimpelekee mgeni amechoka na safari, na nimwambie kwamba kitanda kimetandikwa. Nilipita katikati ya minazi na sinia kichwani mpaka ule upande wa pili. Nilimkuta amekaa kivulini, viatu amevua, uso umelegea kwa raha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alifurahi kuniona. Kisha akaona sinia, na furaha ikamtoka.

Akasema ameshaagiza chakula pale pale. Akasema nimshukuru mama sana na asijisumbue. Kitanda hakukizungumzia.

"Mwalimu, sinia halirudi," nikamwambia.

"Basi leo litarudi," akasema, na hakunitazama.

Ni vigumu kumweleza mtu asiye wa kwetu uzito wa sinia lililorudi na chakula chake. Nilipita nyuma ya nyumba nisionekane, lakini kisimani palikuwa na jirani yetu mmoja mwenye mdomo. Akanyanyua kawa kidogo, akatazama, akalirudisha. "Koo halijapona bado?" akauliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nyumbani mama alifunua, akaona, akafunika. Baadaye tulikila chakula kile sisi wawili bila kuzungumza, isipokuwa alisema wali umeiva vizuri.

Siku tatu Mwalimu Mkuu alikaa ufuoni kwetu. Aliyakamilisha mapumziko yake yote, vipindi vyote, na hakupita kupiga hodi. Alipoondoka, mashua yake ilipita mbele ya kijiji na mama alikuwa pale pwani akisafisha sufuria. Aliinua kichwa, akaiangalia ikipita, akaendelea kusugua. Godoro na neti alivirudisha kwa mke wa imamu mchana ule ule. Kitanda kile kipya hakukilalia. Alilala kwenye mkeka wake kando yake, miezi yote.

Hakunilaumu, wala hakumsema vibaya Mwalimu. Mara moja tu, tukipeta mchele, aliniambia kwamba labda nyumba yake ina kunguni na mimi mwanawe namficha. Nilimwambia haina. Akasema haya. Hakuniuliza tena hali ya Mwalimu wake, na kisiwani nako neno hilo "Mwalimu wangu" likafa, maana hakuna aliyelitumia mbele yake kwa kumstahi.

Shuleni nilifanya kazi yangu. Yeye kila Jumatatu aliniuliza kama mama hajambo, nami nikamjibu hajambo. Nilitamani kumwambia, lakini yeye alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na aibu ya mzazi haipelekwi ofisini. Alizidi kuwa mwema kwangu. Kadiri alivyokuwa mwema ndivyo nilivyozidi kukasirika, na kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyojibu kwa adabu zaidi. Tuliishi hivyo mwaka na kitu.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata alistaafu. Alikuwa anarudi kwao bara, shamba la skimu ameliuza. Tulimuaga kwa nyimbo na blanketi. Baada ya hapo aliniita kando akaniambia lori la mizigo linakuja kesho asubuhi, na kabla halijaja anataka nimpeleke kwa mama, kwenda na kurudi kwa maji ya siku hiyo hiyo. Nikampeleka. Ramadhani ilikuwa karibu na wanawake kwenye mashua walizungumza juu ya bei ya tende. Yeye hakusema neno safari nzima.

Mama alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani. Tulipofika mlangoni Mwalimu Mkuu alipiga hodi, akaamkia "Shikamoo mama," na mama akaitika "Marahaba, karibu mgeni." Ndani palikuwa na viti viwili vya kuazima vyenye vitambaa vya kufumwa, na meza ndogo yenye soda na sahani ya biskuti. Nilijua viti vile. Ndivyo vilivyokaliwa na chifu na watu wa kuhesabu watu. Mama aliketi kando, mikono mapajani, akamuuliza habari za safari, habari za kazi, habari za watu wa bara kwa jumla. Sijawahi kumwona mtu akiheshimiwa namna ile na mama yangu, na sijawahi kuona jambo la kuumiza kama lile.

Mwalimu Mkuu alijibu maswali yote. Soda ilikuwa mbele yake haijafunguliwa. Kutoka uani tulisikia harufu ya moshi wa kuni, na akasema, "Mama, unapika. Nipe mbuzi nikukunie nazi."

"Mgeni hakuni nazi, Mwalimu," mama akasema. "Kaa. Kunywa soda."

Akakaa. Nikafikiri yamekwisha, tutamaliza biskuti twende zetu. Lakini alianza kuzungumza, polepole, akiangalia sakafu, na Kiswahili chake kile kilichonyooka kilikuwa kinamkwama. Akasema kwamba zile siku za fujo kuna mchana mmoja mtu alipiga hodi kwa nguvu. Alikuwa muuza samaki tu, lakini yeye hakujua. Aliingia chini ya kitanda. "Nililowa, mama. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nililowa pale sakafuni kama mtoto. Ukanifulia leso niliyovaa na hukusema kitu. Ningelalaje tena humu? Kila nikifikiria mlango huu naiona ile sakafu. Hata chakula chako nilikirudisha kwa sababu ya hiyo aibu. Nilikuogopa wewe, kwa sababu uliniona."

Mimi sikuwa najua. Miaka miwili mama hakuwahi kuniambia, mimi mwanawe, hata siku ile ya sinia.

Mama alikinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Mwalimu," akasema, "siku zile mimi sikukuona. Nilikusitiri, na mtu unayemsitiri humwoni. Siku niliyokuona ni ile uliyolala ufuoni."

Mwalimu Mkuu hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akasema ni kweli, na machozi yalimdondokea mikononi wala hakuyafuta.

Nahodha akaita kutoka njiani kwamba maji yanatoka, wanaorudi Bodo wafanye haraka. Majirani wawili watatu walikuwa wamekaa barazani kwao wakitazama nyumba yetu, kama walivyotazama siku ile nyingine. Mama aliinuka. Alitoka mpaka kizingitini, akasimama pale wote wamwone, akamjibu nahodha kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

"Nenda zako. Mwalimu wangu analala hapa."

Mwalimu Mkuu, ambaye lori lake lilikuwa linakuja asubuhi, alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya meza.